Taa Ilizimika, Vali Ikabaki Wazi

Saa 10 alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, pampu za maji zilisimama katika kinu cha pili cha nyuklia cha Three Mile Island, kisiwani katika mto Susquehanna, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Kinu kilikuwa kipya, hakijatimiza hata miezi 3 tangu kianze kuuza umeme. Presha ilipanda, vali ya kuipunguza ikafunguka, na ndani ya sekunde chache kinu kikajizima chenyewe. Mpaka hapo mambo yalikwenda kama yalivyopangwa. Presha iliposhuka vali ilipaswa kujifunga, ikakwama.

Kwenye chumba cha udhibiti, taa ya vali hiyo ilizimika. Waendesha mitambo wakajua imefungwa. Kumbe taa haikuunganishwa na vali, bali na umeme unaoiamuru: ilionyesha kwamba amri imetoka, haikuonyesha kama imetiiwa. Maji ya kupoza kinu yakaendelea kutoka kwa zaidi ya saa 2.

Dalili zilikuwapo, tena tele. Tahadhari zaidi ya 100 zililia na kuwaka dakika za mwanzo, na mashine iliyozichapa ikachelewa mno nyuma ya matukio. Kipimo cha tangi lililopokea maji yaliyotoroka kiliwekwa nyuma ya paneli kuu, mahali ambapo mtu aliyekaa mbele hakioni. Juu ya hayo, kipimo kingine kilionyesha maji yanaongezeka, na watu hawa walikuwa wamefundishwa kuogopa mfumo kujaa maji pomoni. Basi wakapunguza maji ya dharura, kinu kikiwa na kiu. Saa 12:22 asubuhi, mtu wa zamu mpya, aliyeingia na macho mapya, ndiye aliyeshuku vali ile na njia yake ikazibwa. Wahandisi walipokifungua kinu miaka kadhaa baadaye, walikuta karibu nusu ya kiini imeyeyuka.

Tume ya Rais Jimmy Carter, chini ya mwanahisabati John Kemeny (ndiye yule mmoja wa waasisi wa lugha ya kompyuta ya BASIC), ilitoa ripoti Oktoba mwaka huohuo. Iliyataja makosa ya waendeshaji, lakini ikaigeukia pia mafunzo yao, wasimamizi wa serikali na mpangilio wa chumba chenyewe. Nami naona ilitenda haki. Mikono ya watu wale ilifanya mengi iliyofunzwa. Picha iliyokuwa vichwani mwao ndiyo haikulingana na kinu.

Sasa picha ya kichwani utaipimaje? Jibu lililoshika mizizi lilitoka kwenye urubani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mhandisi Mmarekani Mica Endsley alibuni njia ya kusimamisha zoezi ghafla, kuzima skrini zote na kumuuliza rubani: umeona nini, kina maana gani, na kitafuata nini? Huko Halden, Norway, maabara ya vyumba vya udhibiti ilikuwa ikifanya kazi tangu 1983. Watafiti wake waliichukua njia hiyo na mwaka 1995 wakachapisha kipimo kilichotengenezwa mahususi kwa vinu, kiitwacho SACRI. Mwendeshaji huulizwa, kwa mfano, kama presha fulani imepanda, imeshuka au haijabadilika tangu dakika chache zilizopita, na itaelekea wapi. Majibu hulinganishwa na kumbukumbu za kompyuta, na anayeona mabadiliko yasiyokuwapo naye hupoteza alama.

Njia hii ina dosari. Kukatiza zoezi kunavuruga kazi, na maswali yenyewe humdokezea mtu vipimo vya kutazama baadaye. Ndiyo maana wengine hupenda kumwachia mwendeshaji ajipe alama mwenyewe. Ni rahisi, lakini mimi siiamini: kuhusu ile vali, zamu ya alfajiri ya 1979 ingejipa alama zote. Kamera za kufuatilia macho nazo husema jicho limetua wapi tu, na watu wale taa waliiona.

Kinu cha utafiti cha Halden kilizimwa moja kwa moja mwaka 2018. Maabara ya vyumba vya udhibiti ingali inafanya kazi.