Nembo kifuani: kwa nini jezi mpya huzua ubishi kila msimu

Ikifika Julai na Agosti, simu za kipindi chetu cha michezo huwa na swali moja linalojirudia: jezi mpya umeionaje? Mmoja anasema rangi imepauka. Mwingine analalamika kuwa nembo ya mdhamini imekuwa kubwa kuliko nembo ya klabu. Wa tatu anauliza bei kabla hata ya kusalimia. Kwa kuwa wengi mmetuomba tuandike mambo haya mahali mtakapoweza kuyasoma tena, tumeyaweka hapa, tukianza na Simba na Yanga kwa sababu huko ndiko ubishi wenyewe uliko.

Kwanza tutenganishe watu wawili ambao mara nyingi tunawachanganya. Yupo mdhamini mkuu, yaani kampuni inayolipa klabu ili jina lake likae kifuani. Halafu yupo mzabuni wa jezi, anayeshinda tenda ya kutengeneza na kuuza jezi zenyewe. Wa kwanza ananunua nafasi ya tangazo, wa pili anafanya biashara ya nguo. Ukikasirika kwamba jezi imechuja baada ya kufuliwa mara tatu, mdhamini wa kifuani humsingizie bure. Na ukikerwa na jina lililoandikwa kifuani, muuza jezi naye hahusiki. Klabu pekee ndiyo inahusika na yote mawili, maana ndiyo iliyosaini.

Pesa zenyewe

Zamani kidogo, Simba na Yanga zote mbili zilivaa jina moja kifuani: bia ya Kilimanjaro, ya kampuni ya TBL. Mwaka 2017 ikaja SportPesa, kampuni ya michezo ya kubashiri, nayo ikazichukua zote mbili kwa miaka mitano, kila moja kwa takribani shilingi bilioni 5. Kwa hiyo kwa miaka mingi watani wa jadi waliingia uwanjani wakiwa na rangi tofauti lakini tangazo lilelile.

Mwaka 2022 njia zikatengana. Yanga ilibaki na SportPesa kwa mkataba mpya wa miaka mitatu wenye thamani ya shilingi bilioni 12.335. Simba ikaenda M-Bet, miaka mitano, shilingi bilioni 26.1. Mtakumbuka tambo za wiki hizo. Wana Msimbazi walitamba kwamba wao ni bilioni 26 na jirani ni 12, habari imekwisha. Lakini gawanya kwa miaka. Bilioni 26.1 kwa miaka mitano ni wastani wa bilioni 5.2 kwa mwaka, na bilioni 12.335 kwa miaka mitatu ni wastani wa bilioni 4.1. Simba bado ilikuwa juu, ila pengo si lile lililopigiwa kelele kwenye vijiwe. Tena mkataba mrefu haimaanishi utafika mwisho wake. Mwaka 2025, kabla miaka mitano haijaisha, Simba ilishakuwa na mdhamini mwingine, Betway. Ndiyo maana mimi nikisikia tarakimu kubwa ikitangazwa ukumbini, swali langu la kwanza ni miaka mingapi, na la pili ni nini kinatokea mmoja akitaka kutoka.

Upande wa uzabuni ndiko pesa zilikopanda kwa kasi zaidi. Mwaka 2021 Simba ilimpa Vunjabei tenda ya jezi kwa shilingi bilioni 2, miaka miwili. Miaka minne baadaye, mwaka 2025, kampuni ya Jayrutty ilichukua kazi hiyo kwa zaidi ya shilingi bilioni 38, miaka mitano. Kwa mwaka, hapo ni kutoka bilioni 1 hadi zaidi ya bilioni 7. Uzabuni sasa unaweza kuizidi nafasi ya kifuani kwa thamani, na aliyeifikisha hapo ni shabiki anayenunua. Mzabuni hawezi kuahidi pesa hizo kama haamini kwamba mtu wa Kahama, Masasi na Tunduma ataingiza mkono mfukoni.

Rangi si mapambo

Ukitaka kujua kwamba jezi si nguo tu, mvishe mtu wa Yanga kitu chekundu. Vodacom walipokuwa wadhamini wa Ligi Kuu, nembo yao nyekundu ilikuwa mgogoro Jangwani. Yanga waligoma kuivaa ikiwa na wekundu wake, na mwishowe kwenye jezi yao ikabadilishwa rangi. Mgeni akisikia hadithi hii hucheka, lakini kwa mwanachama aliyelelewa akiambiwa nyekundu ni ya Msimbazi, hakukuwa na cha kucheka.

Hata wenzetu wa Ulaya yamewakuta. Mwaka 2012 mmiliki wa Cardiff City ya Wales, Vincent Tan, aliibadilisha timu kutoka buluu kwenda nyekundu. Timu ikapanda Ligi Kuu ya Uingereza ikiwa imevaa nyekundu hiyohiyo, na bado mashabiki hawakunyamaza. Januari 2015 buluu ikarudi.

Kisa cha nembo chenye uzito zaidi hapa nyumbani, kwa maoni yangu, ni kile cha GSM. Novemba 2021 TFF ilitangaza GSM kuwa mdhamini mwenza wa Ligi Kuu kwa shilingi bilioni 2.1, miaka miwili. Nembo ilitakiwa kuvaliwa na timu zote. Simba ikakataa. GSM ndiyo hiyohiyo inayofahamika kuwa mfadhili wa Yanga, na Simba hawakuwa tayari kumtangaza mfadhili wa mtani wao. Mvutano uliendelea, na Februari 2022 GSM ikajiondoa.

Hapa ndugu zangu wa Simba na mimi huwa tunapishana. Walikuwa na hoja: mtu mmoja kudhamini timu moja na wakati huohuo ligi nzima kunaleta maswali ya haki. Lakini fedha ile ilikuwa igawiwe kwa klabu zote, na klabu za mikoani, zinazosafiri kwa basi usiku kucha na hazina mdhamini wa kifuani wa maana, ndizo zilizoumia zaidi ilipoondoka. Mbishi mkubwa alikuwa na mdhamini wake mfukoni. Mdogo hakuwa na kitu.

Kwa nini jina la kifuani hubadilika timu ikienda Afrika

Swali hili mmelituma sana: mbona timu ikicheza ligi ina jina hili, na ikicheza michuano ya CAF ina jina jingine? Shirikisho la soka Afrika lina wadhamini wake na linawalinda. Mmoja wao ni 1XBET, ambayo nayo ni kampuni ya kubashiri. Kwa hiyo klabu yenye mdhamini wa biashara hiyohiyo hujikuta ikitafuta jina jingine la kuweka kifuani.

Mwaka 2021 Simba ilicheza Ligi ya Mabingwa Afrika ikiwa na maneno ya kutangaza utalii wa Tanzania. Yanga mwaka 2023, katika safari iliyowafikisha fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger, walivaa jina la Haier, kampuni ya vyombo vya umeme vya nyumbani. Kwa hiyo jezi yenye Haier uliyoiona kwenye mnada haikuwa lazima feki. Ilikuwa ya mashindano mengine.

Suala la kubeti

Sasa twende kwenye jambo ambalo likiletwa hewani hugawanya nyumba. Majina mengi kifuani mwa timu zetu kubwa yamekuwa ya kampuni za kubashiri. Wapo wasikilizaji wanaosema hawana shida nayo, mishahara ya wachezaji lazima itoke mahali. Wapo wazazi wanaosema wanampenda Mnyama au Wananchi lakini hawataki mtoto wa darasa la tatu atembee na tangazo la mkeka kifuani. Na wapo Waislamu na Wakristo ambao kwao kamari ni kamari hata ikiitwa jina gani, wananunua jezi kisha wanafunika maandishi au wanaiacha kabatini.

Hisia hiyo si ya mashabiki peke yao. Mwaka 2006 Frédéric Kanouté, mshambuliaji wa Mali aliyekuwa Sevilla ya Hispania, alifunika jina la kampuni ya kubashiri kwenye jezi yake kwa sababu ya imani yake ya Kiislamu. Tangu hapo sheria zimebadilika sehemu nyingi. Hispania iliondoa matangazo hayo kwenye jezi kuanzia msimu wa 2021/22. Uingereza, klabu za Ligi Kuu zilikubaliana Aprili 2023 kwamba majina ya kampuni za kubashiri yatoke kifuani mwishoni mwa msimu wa 2025/26, ingawa mkononi yanaruhusiwa. Na jezi za watoto huko ziliacha kuwekwa nembo hizo miaka mingi kabla ya hapo. Hapa kwetu umri wa kubeti ni kuanzia miaka 18, lakini jezi ya mtoto wa miaka saba inaweza kuwa na jina lilelile la ya baba yake.

Lakini upande wa pili nao tuuseme. Mwaka 2019 serikali ya Kenya iligoma kuhuisha leseni ya SportPesa, kampuni ikasitisha udhamini wake, na Gor Mahia na AFC Leopards wakabaki bila mdhamini kwa ghafla. Wachezaji walikaa bila mishahara. Miaka miwili tu kabla ya hapo, Julai 2017, Gor Mahia walikuwa uwanjani Dar es Salaam wakicheza na Everton ya Wayne Rooney kwa mwaliko wa kampuni hiyohiyo, na Rooney akafunga. Anayesema kampuni hizi ziondoke kesho asubuhi aseme pia nani atalipa kesho jioni. Mimi sina jibu la mezani, ila naona jezi za watoto zingeweza kuanza. Kuziacha bila jina kifuani hakuwezi kuiangusha klabu.

Si kubeti tu kunakoleta maswali. Arsenal, ambayo ina wapenzi kwenye kila banda umiza mkoani kwetu, ilianza kuvaa "Visit Rwanda" mkononi mwaka 2018. Vita ya mashariki mwa Congo ilipopamba moto mwaka 2025, baadhi ya mashabiki wake walipinga waziwazi kuendelea na nembo hiyo. Jina la mdhamini linaweza kukuingiza kwenye jambo ambalo hukulijua siku unainunua jezi.

Bei, na zile za kwenye mnada

Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa jezi gulioni nikiamini ni halisi. Namba ya mgongoni ilianza kubanduka kwenye ufuaji wa pili, na mke wangu akaigeuza kuwa ya kufutia vumbi. Tangu hapo najifunza kuangalia.

Ukweli ni kwamba jezi halisi ni ghali kwa mtu anayeuza mahindi kwa debe. Ya mnadani inaweza kuwa theluthi ya bei hiyo, nayo kwa mbali inafanana. Simlaumu anayeinunua akijua. Tatizo ni anayelipa bei ya halisi akapewa feki, na ni kwamba katika pesa ya feki klabu haipati hata shilingi.

Kabla ya kulipa, anza na muuzaji: klabu hutangaza mawakala wake wa mikoa kwenye kurasa zake rasmi, na picha ya tangazo hilo haili bando kubwa. Pitisha kidole kwenye nembo ya klabu na jina la mdhamini, uone kingo zake zimekaa sawa au zinanyanyuka. Tazama mshono wa ndani, maana mafundi wa feki huweka juhudi nje. Linganisha jina la mdhamini na la msimu huu, kwa sababu jezi nyingi za bei ya kutupa ni za msimu uliopita zenye mdhamini aliyeshaondoka. Hizo si lazima ziwe mbaya, ila zisiuzwe kwa bei ya mpya. Na kama unanunua kwa kutuma pesa kwa simu, jina linalotokea kabla ya kuthibitisha liwe la duka au wakala unayemjua. Likitokea jina la mtu usiyemfahamu, usibonyeze namba ya siri kwanza. Mpigie muulize.