Ubadilishaji wa jinsia nchini Kenya
Ubadilishaji wa jinsia, yaani hali ya mtu kuishi kwa jinsia tofauti na ile aliyoandikishwa alipozaliwa, hauna msimamo mmoja kuhusu upasuaji hata miongoni mwa wahusika wenyewe: wapo wanaouona kuwa tiba ya lazima, na wapo ambao, kwa hiari au kwa kukosa fedha, hudai tu hati zinazolingana na jinsia wanayoishi, kwa kuwa huko Dunga, Kisumu, kama kwingineko, hata wakala wa M-Pesa huomba kitambulisho kabla ya kutoa pesa, na kisicholingana na mwenyewe huzua maswali. Mwaka 2014, katika kesi ya Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani la Kenya libadilishe jina kwenye cheti chake cha kumaliza sekondari (KCSE) na kuondoa alama ya jinsia, suluhisho la busara ingawa finyu, kwani halikutamka jinsia yake.