Jembe kwenye mizani ya chuma chakavu

Wiki iliyopita mhariri alinituma kwa wanunuzi wa chuma chakavu hapa Dar. Habari yenyewe ilikuwa ya bei, basi. Nikiwa pale akaja kijana na gunia mgongoni, akalimwaga chini: rimu ya baiskeli, mabomba, nondo zilizopinda, na jembe moja lililolika mpaka likabaki kama kijiko. Likatupwa kwenye mizani pamoja na vingine. Kilo ni kilo.

Habari ya bei nimeiandika na imetoka. Lakini lile jembe limekataa kunitoka kichwani.

Shule ya msingi tulikariri wote: Zama za Mawe za Kale, za Kati, za Mwisho, kisha Zama za Chuma. Tukapata alama zetu, tukasahau. Hakuna mwalimu aliyenitamkia, lakini nilitoka pale nikiamini kwamba chuma cha maana kilikuja na meli. Jembe, reli, bati, vyote vya kuletewa. Nadhani siko peke yangu.

Haya, twende taratibu.

Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi, akiwa kwa mfalme wa Sicily, alikamilisha kitabu chake kuhusu dunia. Pwani yetu hakuiona kwa macho yake, alitegemea habari za wasafiri. Aliandika kuwa watu wa Malindi wanachimba chuma na kwamba biashara hiyo ndiyo inayowapa faida kubwa. Chuma cha Sofala nacho, alisema, kilinunuliwa na kupelekwa India. Tazama vizuri nani alikuwa muuzaji hapo.

Bara mambo yalianza zamani zaidi. Kagera, kijiji cha Katuruka, wazee walikuwa na masimulizi ya mfalme Rugomora Mahe na mnara wa chuma alioujenga ili afike mbinguni. Mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt aliyasikiliza masimulizi hayo badala ya kuyacheka. Walimwonyesha pa kuchimba. Akakuta mabaki ya ufuaji wa chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000.

Mwaka 1976 akawaomba wazee wa Kihaya wayeyushe chuma kama zamani. Walikuwa hawajaigusa kazi hiyo kwa takriban miaka 50. Majaribio ya kwanza yalishindwa. Wakakumbushana, wakarekebisha, wakarudia. Walichimba shimo, wakalisiriba kwa udongo wa kichuguu, wakachomea ndani yake majani ya bwawani mpaka yakawa mkaa. Juu yake wakajenga tanuru, wakaingiza mabomba ya udongo, vijana wakashika mivukuto. Chuma kikatoka.

Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery walichapisha matokeo hayo katika jarida la Science. Walidai kwamba hewa ilipata moto ndani ya mabomba kabla ya kufika kwenye mkaa, mbinu ambayo Ulaya ilianza kuitumia karne ya 19. Wataalamu wengine waliipinga hoja hiyo, na ubishi ukaendelea kwa miaka. Nalitaja hili makusudi. Tukitaka kujivunia, tujivunie kilichothibitika. Chuma kilitoka, na hilo halina ubishi.

Wala si Wahaya peke yao. Wafipa wa Rukwa walijenga matanuru marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Upare kaskazini kulikuwa na ukoo wa Washana, wahunzi kwa kurithi. Kusini mwa Ziwa Victoria Warongo waliyeyusha chuma, na majembe ya huko yaliuzwa hadi Unyamwezi.

Jembe halikuwa la kulimia tu. Lilikuwa mahari. Lilikuwa fedha: unabadilisha kwa mbuzi, kwa chumvi. Karagwe, hazina ya mfalme ilikuwa na ng'ombe na nyundo za chuma, alama za utawala.

Tusidanganyane, chuma hichohicho kilifua mkuki wa kuvamia jirani. Karne ya 19 kikawa mnyororo kwenye shingo za watumwa katika misafara ya kwenda Bagamoyo. Kisha Wajerumani wakalaza reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Ilishusha bidhaa za kiwandani na kupandisha mazao yetu. Chuma hakichagui kazi, anayekishika ndiye anayekichagulia.

Sasa, ujuzi ule ulikwenda wapi? Haukunyang'anywa kwa bunduki. Jembe la Ulaya lilikuwa rahisi, halihitaji kukata msitu wa mkaa wala kukesha kwenye mivukuto. Mhunzi akafanya hesabu kama wewe ungefanya. Akaacha kuyeyusha, akabaki kufua vipande vya chuma vilivyoletwa. Mpaka leo mafundi wetu wanatengeneza visu na mapanga kwa springi za magari. Ujuzi ulikatika katikati. Kufua tunajua. Kutoa chuma kwenye jiwe tulisahau, kwa sababu waliojua walizeeka na hakuna aliyewauliza.

Ndiyo maana lile jembe linanisumbua. Wazee wa Kagera waliulizwa mwaka 1976, miaka michache kabla hawajaisha, na aliyeuliza alitoka Marekani. Mimi ni mwandishi, kazi yangu ni kuuliza, na siku ile nilimuuliza yule kijana bei ya kilo tu. Sikumuuliza jembe lilikuwa la nani.

Kwa sasa huenda limeshayeyushwa kuwa nondo kwenye ghorofa la mtu. Babu yako bado yupo? Alikuwa anafanya kazi gani, na umewahi kumuuliza ilivyokuwa inafanyika?