Ganda, Kiini na Mafaili ya Kuanzia

Istilahi ya "ganda" katika taaluma ya kompyuta ni kongwe kuliko mfumo wa Linux, ulioanza 1991. Katika miaka ya mwanzo ya 1960, Louis Pouzin, Mfaransa aliyefanya kazi katika chuo cha MIT, Marekani, alitunga programu iliyoitwa RUNCOM. Kazi yake ilikuwa kusoma amri zilizoandikwa katika faili na kuzitekeleza moja baada ya nyingine. Ni yeye pia aliyeipa programu inayopokea amri za mtumiaji jina lenye maana ya ganda, mfumo wa Multics ulipokuwa ukibuniwa. RUNCOM imetoweka, lakini herufi zake mbili, "rc", zimo hadi leo mwishoni mwa jina .bashrc.

Sisi tunaliunga mkono neno "ganda". "Sheli" halifai, kwani kwa watu wetu wengi hapo ni mahali pa kununulia petroli. "Kombe" nalo limekwisha kuchukuliwa na wachezaji wa mpira. Aidha, sehemu ya ndani ya mfumo, inayoiongoza mashine yenyewe, huitwa kiini, na yai lina vyote viwili. (Ute bado haujapewa kazi.)

Uzito umo katika mafaili ambayo ganda huyasoma linapoamka. Ganda la Stephen Bourne, lililotoka 1979 pamoja na Toleo la 7 la Unix, lilisoma faili la .profile mtumiaji alipoingia katika mfumo. Bash, iliyoandikwa na Brian Fox na kutolewa 1989, ilirithi desturi hiyo na kuiongezea mengine. Ganda la kuingilia husoma kwanza /etc/profile; kisha, katika saraka ya mtumiaji, hutafuta .bash_profile, .bash_login na .profile kwa utaratibu huo, likasoma la kwanza linalopatikana na kuyaacha yaliyosalia. Ganda la mazungumzo lisilo la kuingilia huyapita hayo yote, likasoma .bashrc.

Kitini kimoja kilichotufikia kiliyafasiri yote kwa jina moja tu, "faili la kuanzia". Mwanafunzi akafuata maelezo, akaongeza njia ya programu zake katika .profile, na asione badiliko lolote. Alifuta, akaandika upya, akaishuku mashine. Kumbe programu nyingine ilikuwa imemwekea .bash_profile, tena tupu, na kuwapo kwake kulitosha kulificha lile aliloliandika. Kosa lilikuwa la mfasiri.

Kwa hiyo tunapendekeza "faili la maingilio" kwa yale matatu, na "faili la ganda" kwa .bashrc. Mwalimu na aanze kwa kumwagiza mwanafunzi aandike echo $0: jina likitanguliwa na kistari, kwa kawaida hilo ni ganda la kuingilia. Ndipo watazame ni faili lipi kati ya matatu lililopo. Na ikiwa njia imeharibika hata amri ya ls haipatikani, /bin/ls bado itaitika, kwa kuwa hapo ganda halihitaji kutafuta. Nayo bash --noprofile --norc hufungua ganda lisilosoma hata moja kati ya mafaili hayo, na humo mtu aweza kulisahihisha lililokosewa.