NASABA YA MKULIMA WA KANGA
Mapokeo ya Wazee na Karatasi za Serikali

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu Kikuu cha Ushirika, wasomaji watasoma mengi juu ya nazi, korosho na bei zake. Sisi tumepewa kurasa hizi ili tunene juu ya jambo lisilopimwa kwa mizani, nalo ni nasaba ya mkulima.

Huenda mtu akauliza: nasaba na ushirika vinahusiana nini? Jibu letu ni fupi. Chama cha wakulima husimama juu ya shamba, na huku kaskazini mwa Mafia, hasa katika kijiji cha Kanga, shamba husimama juu ya ukoo. Asiyejua ametoka kwa nani hana njia ya kueleza kwa nini analima pale alimapo.

Ardhi ya ukoo na mti wa mtu

Desturi ya Kanga hutenga vitu viwili ambavyo watu wa mbali huvichanganya: ardhi na mti. Mnazi ni mali ya aliyeupanda au aliyeununua. Aweza kuuza, kuweka rehani, na akifa warithi wake hugawana kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa kiume akipata mafungu mawili na wa kike fungu moja. Lakini ardhi ya porini, ile ifyekwayo na kulimwa mpunga au mtama kisha ikaachwa ipumzike, haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya ukoo, na mtu aliingia katika ukoo kwa upande wa baba na kwa upande wa mama pia, wala mwanamke hakupungukiwa kitu mbele ya mwanamume.

Basi mtu mmoja aweza kuwa wa koo mbili, tatu, au zaidi, kwa kuwa bibi zake na babu zake hawakutoka mahali pamoja. Mwaka huu alime kwa wajomba, mwaka kesho kwa baba zake wadogo. Hata majina ya asili yasikikayo kaskazini, kama Wambwera na Wapokomo, hukutana katika damu ya mtu mmoja. Kwa ajili hiyo nasaba ya Kanga haiwezi kuchorwa kama mnazi wenye shina moja. Imefanana zaidi na mkoko, wenye mizizi mingi ishukayo kila upande.

Mambo hayo yaliandikwa kwa mapana na Bibi Pat Caplan, mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Uingereza, aliyeishi kijijini kati ya mwaka 1965 na 1967, na kurudi mara nyingi katika miaka iliyofuata. Kitabu chake cha mwaka 1975 kilikipa kijiji jina la kubuni, Minazini. Kazi yake yatufundisha kwamba nasaba katika Kanga si pambo la kujivunia. Ni ufunguo wa shamba.

Sensa yasema nini?

Mtu anayetafuta wazee wake katika nchi za Ulaya na Marekani huanza na sensa. Huko majina ya waliohesabiwa huhifadhiwa, na baada ya miaka mingi hufunguliwa kwa watu wote. Orodha za Uingereza za mwaka 1921 zilifunguliwa mwaka 2022, baada ya miaka mia moja. Zile za Marekani za mwaka 1950 zilifunguliwa mwaka uo huo, baada ya miaka 72.

Kwetu si hivyo. Katika Tanganyika watu walihesabiwa mwaka 1921 na 1931 kwa njia za makadirio, na hesabu ya kwanza iliyofuata taratibu za kisasa ilikuwa ya mwaka 1948, ikifuatwa na ile ya 1957. Baada ya Uhuru zikaja sensa za 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Vitabu vilivyotolewa vyasema idadi, wala havisemi majina. Sensa ya mwaka 2012 yatuambia kwamba Wilaya ya Mafia ilikuwa na watu 46,438. Haituambii hata mmoja wao alikuwa mwana wa nani. Na siri hiyo ina haki yake, maana raia aliyemfungulia karani mlango alifanya hivyo kwa imani kwamba habari zake hazitatangazwa.

Hata hivyo sensa yatufaa kwa namna nyingine. Makarani walipokutana na wazee wasiojua mwaka wao wa kuzaliwa, walitumia kalenda ya matukio: je, ulikuwa umezaliwa wakati wa jambo fulani? Nasi twaweza kuishika njia hiyo. Mafia ilitwaliwa na Waingereza kutoka kwa Wajerumani mwezi wa Januari 1915. Homa kuu ya mafua ilienea duniani mwaka 1918. Uhuru ulipatikana 1961, Muungano ulifanyika 1964, na Azimio la Arusha lilitangazwa 1967. Bibi asemaye, “Mama alinizaa baada ya Mwingereza kuingia,” amekwisha kutupa tarehe, ijapokuwa hana cheti.

Karatasi za kodi, za mirathi na za uhuru

Penye majina ni katika karatasi nyingine. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza wakaendelea kwa sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa ya mwaka 1922. Stakabadhi za kodi, zilizotunzwa masandukuni kwa hofu ya kudaiwa mara ya pili, ni hazina. Zina jina, kijiji na mwaka. Kodi ilipotozwa kwa kila nyumba, stakabadhi mbili za mwaka mmoja zaweza kuwa dalili ya mke wa pili ambaye wajukuu hawakumsikia.

Lakini karatasi hizo zina kasoro mbili. Kwanza, majina yetu ni machache na hurudi, kwa kuwa mtoto hupewa jina la babu yake. Tuseme, kwa mfano tu, umekuta Ali Juma mwaka 1910, Juma Ali mwaka 1935, na Ali Juma tena mwaka 1960. Hao waweza kuwa babu, mwana na mjukuu. Waweza pia kuwa watu watatu wasiojuana. Pili, kodi ilimtafuta mlipaji, na mlipaji mara nyingi alikuwa mwanamume. Mwanamke aliyeleta ardhi ya ukoo wake katika ndoa hakuandikwa.

Ndipo yafaa kutazama karatasi za mirathi na za mauzo ya mashamba. Mirathi haiwezi kugawanywa bila kuwataja wake, mabinti na dada. Nazo hati za kale za mauzo, nyingine zikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, hutaja mipaka minne na majirani wa kila upande. Kwa hiyo karatasi moja ya minazi michache yaweza kufufua jamaa tano.

Ziko tena hati za uhuru walizotoa Wajerumani kwa watumwa walioachwa huru. Hapa yatupasa kusema kwa adabu, lakini tuseme. Kusini mwa kisiwa na katika Chole mashamba makubwa ya minazi yalilimwa kwa jasho la watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Wako wazee wanaonyamaza nasaba ifikapo hapo. Sisi twaona kwamba aibu ya utumwa ni ya aliyemfunga mwenziwe, si ya aliyefungwa wala ya mjukuu wake, na kwamba jina la mtu huyo lastahili kuandikwa pamoja na mengine.

Atakaye kutafuta ajue pia kwamba karatasi za Mafia hazikai mahali pamoja. Kabla ya mkataba wa mwaka 1890 kisiwa kilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na baada ya mwaka 1915 kilitawaliwa tena kutoka Zanzibar mpaka mwaka 1922. Kwa hiyo Nyaraka za Taifa zilizoko Dar es Salaam hazitoshi; hana budi kuvuka mpaka Unguja.

Hatari iliyo mbele yetu

Mpaka hapa tumesema ya kale. Sasa tuseme ya leo, maana ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaruhusu halmashauri ya kijiji kutoa hati ya haki miliki ya kimila. Ni sheria njema: yampa mwanamke haki sawa na mwanamume, na yaruhusu hati itolewe kwa mtu, kwa jamaa, au kwa kundi la watu. Lakini kalamu ni nyepesi, na ni rahisi kuandika jina moja kuliko majina thelathini. Ardhi ya ukoo ikiandikwa kwa jina la mwanamume mmoja aliyekuwapo siku ya kupima, watoto wa dada zake watakuwa wageni katika pori walilolima bibi zao. Wala hawataweza kudai ikiwa hapana mtu aliyeandika kwamba bibi zao walikuwa nani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika Kanga mali yenyewe ni ujamaa huo, na daftari lake limekuwa vichwani mwa wazee, nao wanatutoka mmoja mmoja.

Kwa hiyo twatoa shauri kwa vyama vyetu vya msingi. Kila chama kina daftari la wanachama. Katika daftari hilo kila mwanachama aandikiwe, kwa hiari yake, si jina la baba yake peke yake, bali la mama pia, na ya babu na bibi wote wanne, pamoja na kitongoji alikotoka kila mmoja. Kazi hiyo yaweza kufanywa na kijana ajuaye kuandika, akiketi na mzee jioni mbili. Wazee wa pande zote mbili wasikilizwe, maana upande mmoja hukumbuka mashamba na kusahau mashangazi. Wakihitilafiana, kauli zote mbili ziandikwe, wala karani asihukumu.

Serikali zilizopita zilituhesabu ili zijue tutalipa kiasi gani. Ushirika na utuandike ili tujue sisi ni nani, na nani ana haki ya kulima nasi. Tukifanya hivyo, mwana wa Kanga atakayefungua daftari la chama chake baada ya miaka mia atamkuta bibi yake humo, kwa jina lake na la kitongoji chake.