Yatima wa Zanzibar: Kutoka Jengo la Forodhani Hadi Kafala

Leo tuangalie yatima wa kisiwani kwetu alilelewa wapi, maana historia hii inatuhusu sisi wanawake.

Zamani mtoto akifiwa, shangazi, khalati au bibi alimchukua, akalala mkeka mmoja na binamu zake. Hata Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa yatima, akalelewa na babu yake Abdul-Muttalib, kisha ami yake Abu Talib.

Mjini mambo yalibadilika. Sote tunalijua lile jengo la Forodhani ambalo barabara inapita chini yake. Lilikuwa klabu ya Waingereza, likawa skuli ya Wahindi, kisha nyumba ya mayatima kwa miaka mingi, hadi watoto walipohamishiwa Mazizini. Nyumba kama hizo zimewapa wengi chakula, skuli na paa. Lakini walezi huingia kwa zamu. Mtoto akipata homa usiku, anayemshika leo huenda si yule wa jana.

Mwaka 1991 kikafunguliwa hapa Kijiji cha Watoto cha SOS, cha kwanza Tanzania. Fikra hiyo ilianzishwa na Hermann Gmeiner huko Imst, Austria, mwaka 1949, baada ya vita kuacha mayatima wengi: nyumba ndogo, mama mmoja, watoto wanaokua kama ndugu, na jiko lao wenyewe.

Kisha Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, ikaitambua kafala: familia inamlea mtoto asiye wao, naye anabaki na nasaba ya baba yake, kama Suratul Ahzab inavyotuelekeza. Kwa hiyo sheria imerudi kule kule kwa bibi zetu.

Sisi tunaoshona tunaijua tofauti. Nguo za sikukuu za watoto hamsini hukatwa jora moja. Mtoto wa nyumbani huja na mama yake, akabishana rangi, akataka na mfuko.

Basi kabla mtoto hajapelekwa kwenye jengo, tuulize: nani katika jamaa angemlea kama angesaidiwa? Mara nyingi yupo bibi mwenye moyo, ila hana sare, madaftari wala unga. Sadaka yetu ikimfikia yeye, mtoto hatoki nyumbani.

Wabillahi tawfiq.