Ganda Lililokwama

Nina ganda la risasi kwa mkebe wa majani chai. Nililiokota Kawangware, Oktoba 2017, nikiwa darasa la saba, asubuhi baada ya mtaa kuchafuka kwa ajili ya uchaguzi wa marudio. Mathe alisema nilitupe. Sikulitupa. (Kabla tuendelee: hapa sifundishi mtu bunduki. Na ukiokota risasi ambayo haijalipuka, usiiguse, ita mtu mzima.)

Swali lililonisumbua miaka yote ni dogo tu. Ganda lilitokaje kwa bunduki? Ile risasi inayoua huruka, ganda hubaki ndani. Baruti ikiwaka, shaba hufura na kubana kuta za chemba, ili moto usimrudie mpigaji usoni. Presha ikiisha, shaba hurudi kidogo, halafu chuma fulani kama ukucha hulivuta nje. Lakini chemba ikiwa na masizi au kutu, ama shaba ikiwa laini sana, ganda linang'ang'ania. Na kama bunduki yako ni ya risasi moja moja, sasa hivi umeshika rungu.

Langu lina kitone katikati ya kitako, hapo pini hugonga. Kuna aina nyingine haina kitone. Fataki imefichwa ndani ya ukingo, na ndio huo ukingo unagongwa. Ili upondeke vizuri lazima uwe mwembamba na laini, kwa hivyo ganda zima ni laini, na maganda laini ndiyo hupenda kukwama. Mwaka 1857 Smith & Wesson wa Marekani walitoa rivolva ya aina hiyo, risasi saba. Ukizimaliza, unainua mtutu, unatoa silinda yote mkononi, unasukuma ganda moja moja kwa kijiti cha chuma kilichofungwa chini ya mtutu. Saba! Wakati kuna mtu anakujia mbio. Mwaka 1870 hao hao wakatoa nyingine unayoikunja katikati, na chuma chenye umbo la nyota kinainua maganda yote mara moja. Dawa ya pili haikuwa ya ajabu: safisha chemba.

Nilidhani stori inaishia hapo. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikigoma, lakini kusoma sikuacha, na kusoma ndiko kulinirudisha mtaani kwetu.

Oktoba 1890 Mwingereza anaitwa Lugard alifika Dagoretti na msafara wa kampuni ya IBEA, akajenga ngome eneo la Waiyaki wa Hinga, wakala kiapo cha undugu. Kawangware ni Dagoretti, kwa hivyo hii ni ya kwetu kabisa. Watu wake walibeba Snider, bunduki kuukuu. Kutoa ganda la Snider unafungua kifuniko kwa pembeni, unakivuta nyuma, halafu unapindua bunduki yote juu chini ganda lianguke. Lugard alienda zake Uganda. Undugu nao haukudumu: 1892 Waiyaki alikamatwa na watu wa kampuni hiyo hiyo, akafia Kibwezi akipelekwa pwani.

Sasa tuvuke hadi Sudan, kwa sababu Lugard aliwachukua watu wa Kibera kutoka huko juu.

Januari 1885 jeshi la Uingereza lilikuwa likikimbilia Khartoum kumwokoa Gordon, ambaye alikuwa amezingirwa na watu wa Mahdi. Mikononi walikuwa na Martini-Henry, silaha rasmi ya jeshi lao tangu 1871. Ganda lake halikuwa shaba nzito ya kufinyangwa. Lilikuwa karatasi nyembamba ya shaba iliyokunjwa kama sigara, na kitako kimebandikwa. Tarehe 17 mwezi huo, pale Abu Klea, joto na mchanga vilifanya kazi yao. Maganda yakafura, yakakwama. Ukucha ulivuta kitako, kitako kikachomoka, mwili wa ganda ukabaki chembani. Watu walichokora kwa visu katikati ya vita. Hata ile bunduki kubwa ya Gardner, ya kumwaga risasi mfululizo, ilikwama, na watu wa Mahdi wakavunja safu. Waingereza walishinda siku hiyo, lakini kwa jasho. Meli zao zilifika Khartoum tarehe 28. Mji ulikuwa umeanguka siku mbili kabla.

Jeshi lilijifunza. Ganda likatengenezwa kwa shaba nzima, na mkono wa bunduki ukarefushwa ili uvute kwa nguvu zaidi. Yaani wahandisi walikaa chini wakatafuta njia ya kutoa kitu kilichokwama.

Sisemi ganda ndilo lililoangusha Khartoum. Walichelewa kwa mambo mengi, hasa siasa za kule London. Lakini Khartoum ilipoanguka, askari wa Kisudani wa serikali ya Misri walioko kusini kabisa, chini ya Emin Pasha, walikatiwa njia. Hakuna mshahara, hakuna barua, risasi zinaisha. Mwaka 1889 Stanley alimtoa Emin hadi pwani. Wengi wa askari wakaachwa karibu na Ziwa Albert. Mwaka 1891, nani anawapata huko na kuwaandika kazi? Lugard. Yule yule wa Dagoretti.

Walipigana vita vya watu wengine kila upande. Mwaka 1897 wengine waliasi, na ukisoma sababu utasikia kama stori ya jana: mshahara mdogo, tena unachelewa, na safari zisizoisha. Mwaka 1902 jeshi la King's African Rifles likaundwa na wao wakiwemo. Ng'ambo ya mpaka, Wajerumani nao walikuwa wameajiri Wasudani huko Cairo tangu 1889. Vita vya 1914 vilipoanza, askari wengi wa Kijerumani bado walibeba Mauser ya 1871, ya moshi mzito, isiyo na kitu cha kurusha ganda nje. Unaliinamisha mwenyewe. Bunduki kuukuu kwa Mwafrika, mpya kwa Mzungu. Hii nayo haikuwa bahati mbaya.

Wanajeshi wa Kinubi waliomaliza kazi walipewa sehemu ya msitu pembeni mwa Nairobi. Kwa lugha yao msitu ni kibra. Mwaka 1918 ukatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197. Hati ya kumiliki hawakupewa. Serikali ya mkoloni ikaanza kujiuliza itawatoaje. Sudan hawarudi. Hapa hawana kabila linalotambuliwa, kwa hivyo hawana "kwao". Nikisoma hapo nilifikiria ganda langu. Risasi imeshapigwa, kazi imeshafanyika, na waliofyatua sasa wanachokora kwa kisu.

Na baada ya Uhuru? Wakahesabiwa kama wageni. Kijana wa Kinubi alikuwa akienda kuchukua kitambulisho anaulizwa karatasi za babu. Ekari ziliendelea kuliwa, mitaa ikajengwa juu yake. Hati ya jamii ilikuja 2017, mikononi mwa Rais Uhuru Kenyatta. Ekari 288. Piga hesabu mwenyewe.

Mwezi uliopita nilibeba ganda hadi Makina nikamwonyesha mzee mmoja wa Kinubi, babake alikuwa KAR. Aliligeuza, akaangalia kitako, akaniuliza nilikotoa. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo. Halafu akanieleza kwamba Laini Saba, hapo chini ambapo wasee wanauza mitumba na samaki, ilipata jina kwa uwanja wa shabaha wa jeshi, mstari wa saba. Walipokuwa watoto, aliniambia, walikuwa wakichimba chimba hapo na kupata maganda, wanapuliza kama filimbi.

Alinirudishia langu. Nilijaribu kulipuliza kwa mathree nikirudi Kawangware. Kondakta aliniangalia vibaya sana, nikalirudisha mfukoni.